La Paz na viunga vyake: yanayosemwa na yaliyopo

Kosa la kwanza huanzia kwenye ramani. Wengi waliokariri miji mikuu ya dunia shuleni huutaja La Paz wanapoulizwa kuhusu Bolivia, ilhali katiba ya nchi hiyo inautambua Sucre kuwa mji mkuu. Serikali na bunge vilihamia La Paz baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyomalizika mwaka 1899, na mahakama ya juu kabisa ikabaki Sucre. Kwa msafiri hilo ni jambo dogo, ingawa mwenyeji wa Sucre hatapenda kuambiwa hivyo. Makosa yanayomgharimu mgeni fedha na siku zake ni yale yanayohusu kimo, kwa kuwa ramani bapa haionyeshi kwamba huu ni mji wa kupanda na kushuka. Katikati yake pana mita zipatazo 3,640 kutoka usawa wa bahari, El Alto iliyo ukingoni mwa bonde ina mita 4,150 hivi, na mitaa ya kusini huteremka hadi takriban mita 3,300.

Hapo ndipo inapozuka dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba mwinuko huwasumbua wazee, wanene na wasiofanya mazoezi tu. Hewa ya La Paz ina oksijeni kwa kiwango kile kile cha asilimia 21 kilichopo pwani, ila shinikizo la hewa hiyo ni kama theluthi mbili tu ya lile la usawa wa bahari, hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Kijana mwenye misuli hana kinga dhidi ya jambo hilo. Mara nyingine yeye ndiye huumia zaidi, kwa sababu huanza kukimbilia ngazi siku ile ile aliyofika. Mpenzi wa soka atakumbuka kwamba mwezi Aprili 2009 Argentina iliyofundishwa na Maradona, Messi akiwa uwanjani, ilifungwa mabao 6–1 na Bolivia katika uwanja wa Hernando Siles mjini La Paz. Haitakuwa haki kukilaumu kimo peke yake kwa mabao yote sita, lakini hakuna atakayedai kwamba wachezaji wale hawakuwa na mazoezi.

Kinachoamua ni kasi ya kupanda, mahali unapolala, na jinsi mwili wako ulivyozoea kuitikia. Msomaji anayeijua Kilimanjaro anaweza kupima mwenyewe: kwa njia ya Marangu, mpandaji hulala Mandara kwenye mita 2,720 usiku wa kwanza, hufika Horombo kwenye mita 3,720 siku ya pili, na wengi huongeza usiku mmoja pale pale ili mwili uzoee. Uwanja wa ndege wa El Alto uko juu ya mita 4,000, na ndege itokayo Santa Cruz, mji ulio kwenye mita 400 hivi, humfikisha abiria huko kwa muda wa saa moja. Hakuna mwongozaji wa Kilimanjaro ambaye angekubali mteja wake apande kwa kasi hiyo. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida siku za mwanzo, na wenyeji huyaita «soroche». Kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kuhema hali umekaa kitini ni habari nyingine kabisa: dawa yake ni kushushwa chini mara moja na kuonwa na daktari, si kusubiri kupambazuke.

Wengi huamini kwamba kikombe cha chai ya majani ya koka humaliza tatizo. Chai hiyo hutolewa karibu katika kila hoteli, ni halali nchini Bolivia, na huleta nafuu kidogo kwa baadhi ya watu. Haijathibitishwa kuwa huzuia ugonjwa wa mwinuko. Pia si kweli kwamba kunywa chai hiyo ni kutumia kokeini, kwani kokeini hupatikana baada ya majani mengi kupitishwa kwenye kemikali. Hata hivyo chai inaweza kuonekana katika kipimo cha mkojo, na majani hayo ni marufuku katika nchi nyingi, kwa hiyo paketi ya zawadi iliyonunuliwa sokoni inaweza kumtia mtu matatani kwenye forodha ya kwao.

Kutokana na haya yote, hoteli yenye mandhari ya juu ukingoni si chaguo la busara kwa usiku wa kwanza. Katika miji mingi wenye fedha hujenga vilimani, wakawaacha maskini bondeni. La Paz imepindua mpango huo: matajiri wameteremkia kusini, kwenye joto na hewa nzito zaidi, na El Alto imejaa wafanyakazi na wachuuzi, wengi wao Waaymara waliotoka vijijini. Ndiyo maana vibanda vya Mi Teleférico vinavyoning'inia kwenye nyaya juu ya mapaa, ambavyo mgeni huvidhania kuwa mchezo wa watalii, ni usafiri wa umma unaotegemewa kama daladala. Njia ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2014, na sasa ziko kumi. Ukipanda ile nyekundu asubuhi utakaa goti kwa goti na mwanafunzi aliyekumbatia begi lake na mama mwenye vikapu viwili, huku chini yenu makaburi ya mji yakipita kimya kama kabati lenye droo nyingi.

Nje ya mji, upotoshaji mkubwa unahusu magofu ya Tiwanaku, yaliyo kilomita 70 hivi upande wa magharibi. Kwa kuwa jina la Wainka, waliotawala milima ya Andes kabla ya kuja Wahispania, ndilo linalouzika, kila jiwe la huko husemwa kuwa lao. Tiwanaku ilikuwa na nguvu zake takriban kati ya mwaka 500 na 900, ikaanguka karibu na mwaka 1000, na Wainka walipofika katika karne ya 15 waliyakuta ni magofu. Lango la Jua lilichongwa katika pande moja la jiwe, na ufa wake unaonekana hadi leo. Sanamu ndefu kuliko zote, yenye mita zaidi ya saba, ilipelekwa La Paz miaka ya 1930, ikasimamishwa karibu na uwanja wa mpira kwenye moshi wa magari, na kurudishwa Tiwanaku mwaka 2002. Kwa maoni yangu hiyo ni aibu iliyochelewa mno kurekebishwa.

Ziwa Titicaca, kwenye mita 3,812, huitwa ziwa lililo juu kuliko yote duniani. Sivyo, yapo maziwa madogo yaliyo juu zaidi, na sifa yake halisi ni kwamba ni kubwa na linapitika kwa meli. Visiwa maarufu vya matete vya Wauru navyo viko upande wa Peru, karibu na Puno, na anayetoka La Paz kwenda Copacabana, mji wa Bolivia ulio kando ya ziwa hilo, akitarajia kuviona njiani atarudi amenuna. Atakachokiona ni mlangobahari wa Tiquina, ambako basi huvuka peke yake juu ya chelezo la mbao na abiria huvuka kwa mashua.

Kuhusu barabara inayoteremka kutoka La Paz hadi Yungas, mabonde yenye joto, iitwayo Barabara ya Kifo, kuna pande mbili za uongo. Wengine husema ndiyo njia pekee ya kwenda Coroico, mji wa huko Yungas. Barabara mpya ya lami ilishachukua magari karibu yote tangu katikati ya miaka ya 2000. Wengine husema kwamba, magari yakiisha kuondoka, ile ya zamani imekuwa mahali salama pa kutembeza baiskeli, ilhali waendesha baiskeli wamekufa humo. Ilichimbwa miaka ya 1930 na wafungwa wa Paraguay waliotekwa katika vita vya Chaco kati ya nchi hiyo na Bolivia. Jambo litakalomshangaza msomaji wa Afrika Mashariki ni kwamba, tofauti na Bolivia nzima, humo magari hupita kushoto kama kwetu: usukani wa Bolivia uko kushoto, na dereva anayeteremka akikaa kushoto, upande wa genge, anaweza kuchungulia dirishani na kuona gurudumu lake limebakiza kiasi gani.

Chini ya barabara hiyo, kwenye mita 1,700 na pungufu, baridi imekwisha na kuna migomba, kahawa na machungwa. Katika vijiji kama Tocaña wanaishi Wabolivia wenye asili ya Afrika, ambao katiba ya mwaka 2009 inawataja kwa jina, na ngoma yao huitwa «saya». Wageni wengi hudhani hakuna watu weusi katika nchi ya Andes. Wanaojua kwamba wapo huelezwa kuwa mababu zao walihamishiwa Yungas kwa sababu Mwafrika hakuweza kustahimili kimo. Maelezo hayo ni mepesi mno. Waafrika waliokuwa watumwa walifanya kazi Potosí, mji ulio kwenye mita zaidi ya 4,000, katika kiwanda cha sarafu na majumbani mwa mabwana zao, na mashamba ya koka ya Yungas yalihitaji mikono isiyolipwa.