Mwamba hauzibi kila kitu

Imani kwamba bomu la nyuklia likilipuliwa chini ya ardhi halitajulikana imedumu miaka mingi, lakini si sahihi. Mtikiso wake hunaswa na vipima-matetemeko ndani ya dakika chache, ingawa mtikiso peke yake hauthibitishi kwamba kilicholipuka ni nyuklia. Uthibitisho huo huletwa na hewa. Mlipuko huzalisha zenoni yenye mionzi, gesi isiyoshikamana na mwamba wala kuoshwa na mvua, nayo hupenya taratibu kwenye nyufa hadi ikachukuliwa na upepo.

Korea Kaskazini ilipofanya jaribio lake la kwanza Oktoba 9, 2006, kituo cha kupima mionzi hewani cha Yellowknife, Kanada, kiliinasa gesi hiyo wiki mbili hivi baadaye, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka mahali pa jaribio. Gesi ya jaribio la Februari 2013 ilikawia takriban siku 55 ndipo ikaonekana Takasaki, Japani, na ni jambo la kustaajabisha kwamba bado ilipimika, kwani zenoni-133, aina mojawapo ya zenoni hiyo yenye mionzi, hupungua kwa nusu kila baada ya siku 5 hivi.

Ni kweli kwamba mwamba huweza kuizuia: jaribio la 2009 halikuacha zenoni iliyonaswa popote. Hata hivyo, mtikiso wake ulisikika.