Si mvua, ni mkasi ulio kooni mwako

"Umenyeshewa? Basi subiri mafua." Wengi tumelelewa na maneno hayo. Lakini maji ya mvua hayazai kirusi. Kirusi cha homa ya mafua (kile cha influenza, maana mafua madogo madogo yana virusi vyake) hutoka kwa mtu mwingine, tena mara nyingi ndani ya chumba ambamo watu wamejifungia kukwepa hiyo mvua.

Na hata kikifika, peke yake hakiwezi kitu. Juu yake kimejaa vijiti vya protini iitwayo hemaglutinini. Kijiti kikitoka kiwandani, yaani kwenye seli iliyoambukizwa, huwa ni kipande kimoja kizima, na kikibaki hivyo kirusi hunata kwenye seli lakini hakipenyi. Lazima kijiti kikatwe sehemu moja maalumu. Mkasi wenyewe ni wetu: vimeng'enya vya njia ya hewa, hasa TMPRSS2. Panya wa maabara walioondolewa TMPRSS2 hawakuugua walipopewa virusi vya H1N1, aina mojawapo ya kirusi hiki. Maabara nazo, zikitaka kukuza kirusi hiki kwenye seli, kwa kawaida huongeza tripsini, kimeng'enya cha kumeng'enyea protini kwenye utumbo mwembamba.

Mkasi huo haumo katika kila seli; njia ya hewa unao, na hiyo ni sababu mojawapo homa hii kwa kawaida haisambai nje ya hapo. Aina kali za H5N1, kirusi cha homa ya ndege, kwa kuku ni balaa jingine: vijiti vyake hukatwa na furini, kimeng'enya kilichomo karibu katika kila seli, hivyo kirusi huenea hadi kwenye ubongo.