Shirikisho siyo kugawiwa madaraka

Kwenye grupu letu la familia binamu kasema anahama Ontario anaenda Alberta, shemeji akamjibu usihangaike na kadi ya matibabu, hiyo ni ya serikali ya Kanada, majimbo kama hayo yamegawiwa tu kazi na Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, kama halmashauri zetu huku. Maelezo haya nimeshayasikia mara nyingi mno, ndo maana naandika.

Kwa kifupi shirikisho ni nchi moja yenye ngazi mbili za serikali, kila moja ina mambo yake yameandikwa kwenye katiba, na hakuna inayoweza kumpokonya mwenzake kwa kuamua peke yake.

Neno lenyewe linasema. Limetoka kwenye shiriki, asili yake Kiarabu, yaani kuwa na fungu kwenye kitu pamoja na mwenzio, na humohumo tumepata shirika, ushirika, hata ushirikina ambao ni kumfanyia Mungu mshirika. Mshirika haombi fungu lake, ni lake tayari. Ugatuaji ni kitu kingine kabisa, pale madaraka yana mwenyewe, serikali kuu, inakukabidhi kiasi na siku ikitaka inayachukua. Tanzania tumeliona hili kwa macho, mwaka 1972 halmashauri zikafutwa, miaka ya 80 zikarudishwa. Ottawa haiwezi kuifuta Ontario namna hiyo. (Na kabla hamjaniuliza Zanzibar: ni kweli afya siyo jambo la Muungano na wana wizara yao ya afya, ila muungano wa serikali mbili nao haujawa shirikisho.)

Sasa Kanada. Katiba ya 1867 iliwapa majimbo hospitali, Ottawa ikabaki na karantini na hospitali za mabaharia. Wakati ule hospitali ilikuwa jambo dogo la makanisa na watu wa sadaka, leo afya ndo fungu kubwa kuliko yote kwenye bajeti za majimbo. Ndo maana hata bima ya umma haikuanzia Ottawa, ilianzia Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano, 1947 wakaanza kulipia wakazi hospitali, 1962 wakaongeza madaktari, na madaktari wakagoma siku 23. Ottawa ilikuja na hela, kwa sheria za 1957 na 1966 ikakubali kubeba karibu nusu ya gharama kwa jimbo litakaloanzisha mpango kama huo.

Watu wanaitaja sana sheria ya afya ya 1984 kama vile ndo inaendesha hospitali. Haiendeshi hata moja. Inasema tu jimbo likitaka hela kamili za Ottawa lihudumie wakazi wake wote na wasitozwe kwa huduma za lazima za hospitali na daktari, likiachia watozwe Ottawa inakata kiasi kilekile kwenye mgao wa jimbo hilo. Fimbo yake ni hela, amri haina. Na kwa vile dawa za kununua famasi hazimo kwenye sheria ile, nani analipiwa na nani anajilipia inategemea sana jimbo unaloishi. Wapo ambao Ottawa inawahudumia yenyewe, wanajeshi, wafungwa wa magereza ya shirikisho, na sehemu kubwa ya huduma kwenye ardhi zilizotengwa za wenyeji wa asili, lakini mkazi wa kawaida kama binamu hayumo humo.

Kwa hiyo shemeji yangu, kwa heshima zote, ile kadi siyo ya Kanada, itazame, imeandikwa Ontario. Binamu akifika Alberta ajiandikishe upya mapema, maana sheria ileile ya 1984 inaruhusu jimbo jipya limsubirishe mpaka miezi 3, na kipindi hicho anayeendelea kumlipia ni Ontario, kwa hiyo kadi ya zamani asiitupe kwanza.