Kabla ya kumulika mfupa, piga hesabu ya jouli

Kila nikitaja kazi yangu, ya kumulika seli za mfupa kwa leza hafifu, huulizwa: mwanga unafikaje mfupani? Unafika, ila kidogo sana. Ndiyo maana napenda kuanza na sahani ya maabara, ambako seli hazina ngozi wala msuli wa kuzikinga.

Katika mitokondria za seli, vijumba vinavyoipa seli nishati, mna kimeng'enya kiitwacho saitokromu c oksidesi, ambacho kazi yake ni kuikabidhi oksijeni elektroni. Kina madini ya shaba na chuma, nacho hunasa mwanga mwekundu na ule wa infraredi iliyo jirani yake, isiyoonekana kwa macho. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba mwanga huo huibandua gesi ya nitriki oksaidi iliyokuwa imekikalia kimeng'enya, kikarudi kazini. ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, huongezeka, kalsiamu ndani ya seli hupanda, jeni kadhaa huamka. Si kazi ya joto. Leza hizi ni hafifu mno kuichoma ngozi.

Osteoblasti, yaani seli zinazojenga mfupa, zikipata kipimo kinachozifaa huweza kuzaliana haraka na kutoa kwa wingi fosfatasi alkali, kimeng'enya cha kuandaa madini ya mfupa, na baada ya wiki mbili tatu hutandaza chembe za madini. Hapo nazitia rangi ya alizarini, inayoshika kalsiamu, naisuuza sahani, na madoa mekundu yanabaki yameng'ang'ania chini. Siku hiyo huwa sitaki kuitwa na mtu. Osteoklasti, zile zinazobomoa, hazitabiriki hivyo. Katika panya ambao meno yao yalisogezwa kwa waya, mwanga uliziongeza upande ule mfupa unaobanwa, na jino likasogea upesi zaidi. Kwa hiyo anayesema mwanga "hujenga mfupa" amesimulia nusu ya habari.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo wengi huteleza. Leza ya miliwati 100 ikiwaka sekunde 60 hutoa jouli 6, jouli ikiwa kizio cha nishati. Doa lake likiwa na eneo la sentimita moja ya mraba, seli zimepata jouli 6 kwa kila sentimita ya mraba. Libane doa liwe sehemu moja ya kumi ya hapo, na seli zilizo chini yake zimepata 60. Leza ni ile ile, dakika ni ile ile. Kwenye sahani, jouli chache mara nyingi huchochea, na makumi ya jouli huweza kuzidumaza seli zile zile.

Mimi mwenyewe niliteleza kwingine. Nilipokuwa mwanafunzi nilimulika visima vya sahani yenye visima 96, na seli za kulinganisha nikaziweka visima vya pembeni. Zote zikastawi sawasawa, nami nikaandika kwamba mwanga haufanyi lolote. Kumbe plastiki ile ilikuwa angavu, na mwanga ulikuwa unavujia kwa majirani! Siku hizi natumia sahani yenye kuta nyeusi, na za kulinganisha zina sahani yake, gizani.

Mwilini mambo ni magumu zaidi. Ngozi, mafuta na msuli huutawanya mwanga, na melanini, rangi ya asili ya ngozi, hula sehemu yake, hasa ukiwa mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 660 kuliko infraredi ya 810. Ngozi nyeusi na nyeupe hazipitishi kiasi kimoja. Taya liko karibu na ngozi, ndiyo maana madaktari wa meno wameivalia njuga mbinu hii. Paja limezungukwa na nyama nene, na kipimo cha sahani hakihamishiki huko.

Ukiuziwa kifaa, uliza urefu wa wimbi, nguvu, eneo la doa na muda. Muuzaji akikutajia dakika peke yake, hajakupa kipimo. Uliza pia miwani inayozuia urefu huo huo wa wimbi, kwa kuwa infraredi haionekani: jicho halitapepesa, na retina itaendelea kuipokea.