Ankara ya fundi wa rangi: mlipaji hajauona ukuta

Kitabu changu cha kwanza cha ankara nilikichapisha Nasser Road, Kampala, kwenye ile barabara ya wachapaji. Kilikuwa na nembo ya brashi na karatasi ya nakala ya njano, kimependeza kweli. Halafu nikaandika ndani yake mstari mmoja tu: "Kupaka rangi nyumba, 3,800,000." Nyumba ilikuwa Kira, mwenyewe yuko ng'ambo. Akaniuliza kwa WhatsApp: ukuta wa ua umo? Mmepiga mikono mingapi, yaani tabaka ngapi za rangi? Rangi iliyobaki iko wapi? Majibu yote nilikuwa nayo, ila yalikuwa kichwani mwangu, na pesa zangu zikakaa kwake wiki tano.

Tangu hapo, kila nikiandika ankara namfikiria mtu asiyewahi kukanyaga pale kazini: mhasibu wa ofisi, bodi ya shule, au kijana anayemlipia mama yake kule Masaka. Huyo ndiye mwenye pesa, na hajauona ukuta.

Kwa hiyo ankara inaanza na tepu, kabla hata kopo halijafunguliwa. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8. Mzunguko wa kuta ni mita 15. Zidisha kwa 2.8, unapata mita za mraba 42. Wengine hutoa mlango na dirisha. Mimi dirisha la kawaida sitoi, maana kuzungusha brashi kwenye fremu kunakula muda kuliko ukuta mtupu, lakini naliandika hilo wazi. Mikono miwili ni mita 84. Lita moja ya rangi ya maji, kwenye ukuta laini, hufunika kama mita 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, basi chumba hicho kitakula lita 7 hadi 8 na kidogo. Plasta mbovu hunywa zaidi. Mwenye nyumba akitaka, atapiga hesabu mwenyewe na kuona kwamba hakuna kopo lililotembea.

Mstari wangu siku hizi husomeka hivi: "Sebule, kuta, mita za mraba 42. Praima (rangi ya msingi) mkono mmoja, rangi ya maji mikono miwili." Juu yake kuna mstari wa peke yake wenye bei yake: kukwangua rangi ya zamani, kuziba nyufa, kupiga msasa. Usiufiche ndani ya bei ya rangi. Kwenye nyumba kuukuu matayarisho huweza kuwa nusu ya kazi, na ukishapaka hakuna atakayeyaona tena.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi hatuambiwi mapema. Ukifanya kazi ya serikali au ya kampuni iliyoteuliwa na URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kukata kodi ya zuio, malipo yakizidi shilingi milioni 1 wanakata asilimia 6 kabla hujalipwa. Tuseme rangi ni 2,400,000 na ufundi ni 1,600,000, nawe umeviweka vyote kwenye ankara yako. Watakata 240,000 kwenye ile milioni 4. Lakini 2,400,000 si zako, ni za duka la rangi! Kwa upande wa ufundi wako umekatwa sawa na asilimia 15. Ndiyo maana kwa wateja wa aina hiyo naomba wanunue rangi wao moja kwa moja dukani, mimi nitoe ankara ya ufundi peke yake. Hapo makato ni 96,000. Pesa hiyo haijapotea, huhesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, lakini dai cheti cha makato na hakikisha TIN yako, yaani namba ya mlipakodi, imeandikwa bila kosa.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 usiiandike kama hujasajiliwa. Nimeona wenzangu wakiiweka ili waonekane wakubwa. Huko ni kujitafutia kesi. Aliyesajiliwa hutoa ankara yake kupitia EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, na kitabu cha Nasser Road hapo hakimsaidii.

Malipo nayagawa mara tatu: asilimia 40 ya ufundi tukianza, 40 mkono wa kwanza ukikamilika, 20 baada ya kukagua pamoja mchana, si kwa taa ya balbu. Kila awamu ina ankara yake yenye namba na tarehe, ikionyesha kilicholipwa na kilichobaki, na namba ya Mobile Money pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji. Jina hilo lisipofanana na la kwenye ankara, mhasibu anasita, na ana haki.

Kazi ya nyongeza hailipiwi kwa kumbukumbu. Mama mwenye nyumba akisema, "Fundi, hebu nimalizie na geti," namjibu, "Sawa mama, nakutumia bei sasa hivi," na brashi haigusi geti mpaka ajibu ndiyo kwa maandishi. Vivyo hivyo mvua za Aprili zikisimamisha ukuta wa nje, naandika tarehe tuliyosimama na tuliyorudi.

Na mstari wa mwisho kabisa, ambao yule bwana wa Kira ndiye aliyenifundisha: "Rangi iliyobaki: makopo mawili, yako stoo, chini ya ngazi."