Kuvuka Ua Hakumpi Mwenye Nyumba Ruhusa ya Kuua

Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba nchini Marekani mtu akiingia kwenye ardhi yako bila ruhusa, unaweza kumpiga risasi papo hapo. Imani hiyo inaweza kumfikisha mtu gerezani.

Katika majimbo mengi, sheria humwondolea mwenye nyumba wajibu wa kukimbia anapovamiwa ndani ya makazi yake, lakini matumizi ya nguvu ya kuua bado hufungamana na hofu yenye msingi kwamba kuna mtu aliye hatarini kuuawa au kujeruhiwa vibaya. Texas huruhusu zaidi, hasa katika wizi wa usiku, ingawa nako kuna masharti. Anayekatiza tu shambani hajahatarisha maisha ya yeyote.

Mwaka 1967 huko Iowa, mume na mke waliochoshwa na wezi katika nyumba yao isiyokaliwa walifunga bunduki kwenye kitanda cha chuma, wakavuta waya kutoka kwenye kifyatulio hadi kwenye kitasa cha mlango wa chumba. Mtu aliyeingia kutafuta chupa za zamani aliufungua mlango, akajeruhiwa vibaya mguuni. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilithibitisha kwamba mwizi huyo alipwe dola 30,000. Wengi hukasirika wakisikia hivyo; mimi naona mahakama ilikuwa sahihi, kwa kuwa bunduki ya mtego haimtofautishi mwizi na mtoto aliyepotea wala mzimamoto.

Wapo pia wanaoshauri kumburuta ndani aliyepigwa risasi nje, ili ionekane alivamia nyumba. Ushauri huo ni hatari zaidi: michirizi ya damu huonyesha alipoangukia, maganda ya risasi hudokeza mpigaji alikuwa wapi, na kuvuruga ushahidi ni kosa jingine.