Falsafa ya Unix si amri ya kutogusa kitu

Kila linapotokea badiliko kubwa katika Linux, mfumo endeshi uliofuata mtindo wa mfumo wa zamani uitwao Unix, hakosi mtu wa kulalamika kwamba falsafa ya Unix imekiukwa, na mara nyingi anachomaanisha ni kwamba badiliko hilo halifanani na alichokizoea. Falsafa yenyewe ni mwelekeo wa usanifu: programu ifanye kazi moja na kuifanya vizuri, na matokeo yake yaweze kupokewa na programu nyingine. Amri ya who huorodhesha walioingia kwenye mfumo, wc -l huhesabu mistari; ukiziunganisha kwa alama ya |, inayopeleka matokeo ya amri moja kwa nyingine, yaani ukiandika who | wc -l, unapata idadi yao, ingawa hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandikwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Linalosahaulika ni jinsi mwelekeo huo ulivyopatikana. Unix ilipoanza mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs, Marekani, kiunganishi hicho hakikuwemo. Doug McIlroy, mtafiti wa Bell Labs, alikwisha kuandika wazo la kuunganisha programu tangu mwaka 1964, lakini mwenzake Ken Thompson, mmoja wa waanzilishi wa Unix, aliliingiza katika mfumo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hapo programu kadhaa zilizozoea kusoma mafaili tu zikabidi zirekebishwe ili zipokee data kutoka kwa nyingine. Hata alama iliyotumika mwanzoni haikuwa hii ya leo. Ilikuwa >, ambayo tayari ilikuwa na kazi yake, ikaachwa baada ya miezi michache. Mwaka 1973 kiini cha mfumo kikaandikwa upya kwa lugha ya programu iitwayo C. Watu hawa, kwa hakika, hawakuwa wahafidhina.

McIlroy na wenzake walipoziweka kanuni hizo kwenye maandishi mwaka 1978, waliandika nne, nasi tunakariri mbili za kwanza. Ya tatu inataka programu, hata mifumo endeshi yenyewe, ijaribiwe mapema, na sehemu zilizokaa vibaya zitupwe bila kusita na kujengwa upya. Anayeitaja falsafa hiyo ili kuzuia badiliko lolote lile ameishia kusoma kanuni ya pili.

Haina maana kwamba kila kipya ni halali. Systemd, programu inayowasha mfumo wa Linux na kusimamia huduma zake, iliyotoka mwaka 2010, inastahili kuhojiwa, kwa mfano kwa kuhifadhi kumbukumbu za matukio katika muundo usiosomeka kama maandishi ya kawaida, ilhali kanuni ya pili ilionya dhidi ya kuzilisha programu data za namna hiyo. Mtetezi wake atajibu kwamba journalctl, amri ya kusomea kumbukumbu hizo, hutoa maandishi yanayoweza kupelekwa kwa grep, amri ya kutafuta maneno, bila shida; mpinzani atauliza itakuwaje siku mfumo umeharibika na journalctl haipo. Huo ni mjadala wa falsafa ya Unix. Kusema tu kwamba zamani mfumo uliwashwa kwa skripti za shell, yaani mafaili ya amri za kawaida, na kwamba ilitosha, ni mazoea, na ni vyema tuyaite hivyo.